Street Fighter 6 kwa anayeanza: mtungue kwanza anayeruka

Wengi wanaoanza Street Fighter 6, gemu ya kupigana ya mtu na mtu, hukariri kombo (mfululizo wa mapigo) ya mapigo kumi siku tatu mfululizo, kisha wakiingia mtandaoni hawapati nafasi hata moja ya kuitumia. Kombo huanza na pigo la kwanza kumpata mtu, na hilo ndilo hawajalijua bado. Kuanzia Rookie hadi Bronze, yaani madaraja ya chini ya mtandaoni, wapinzani wengi mtaji wao ni mmoja: kuruka. Ukiwafungia njia ya juu, wanabaki hawana la kufanya.

Chukua mhusika Ryu. Hadoken zake, yale mapigo ya moto anayorusha kwa mbali, zinamchokoza mtu aruke, na akiruka unazo silaha mbili za kumtungua.

Ya kwanza ni nyepesi kujifunza: shika chini, bonyeza ngumi nzito. Gemu inakwenda fremu (picha) 60 kwa sekunde, na anayeruka hukaa hewani karibu fremu 40, yaani kama theluthi mbili za sekunde. Zinatosha, ilimradi macho yako yako kwa mpinzani. (Anayemtazama Ryu wake mwenyewe huchelewa kila mara.) Bonyeza akianza kushuka. Ukibonyeza angali anapaa, ngumi inapita tupu naye anakutua kichwani.

Kwenye hali ya mazoezi, mrekodi mdoli (mpinzani wa mazoezi) mara tatu: akiruka mbele na teke zito, akirusha Hadoken, na akisimama tu. Acha zijitokeze bila mpangilio. Usiiruke hiyo ya kusimama, maana bila yake kidole kinazoea mdundo na macho hayafanyi kazi. Ukimtungua mara 8 kati ya 10, badilisha upande, uanze upya.

Silaha ya pili ni Shoryuken, ngumi ya kupaa juu: mbele, chini, pembe ya chini-mbele, ngumi. Isipotoka, usiongeze nguvu ya dole gumba. Washa orodha ya mishale pembeni mwa skrini. Mara nyingi utakuta ule mshale wa pembe haupo, kwa hiyo umepata ngumi ya kawaida. Kuna na kosa la upande wa pili: unatembea mbele, unataka Hadoken, inatoka Shoryuken. Hiyo "mbele" ya kutembea imehesabiwa. Achia mshale kidogo kabla ya kuanza Hadoken.

Mwendo ukikushinda kabisa, tumia Modern, mpangilio rahisi wa vitufe: mbele na kitufe cha pigo maalumu, basi. Bei yake ni kwamba pigo maalumu la njia hiyo ya mkato hupoteza asilimia 20 ya madhara, na baadhi ya ngumi na mateke ya kawaida huyapati. Kwa mgeni, bei hiyo inalipika.

Halafu acha papara ya vitufe. Tuseme pigo lako limekingwa na umebaki nyuma kwa fremu 3. Ngumi yako nyepesi ya kuchuchumaa inafika fremu ya 4; ukijumlisha zile 3, itafika ya 7. Yake, kama nayo ni ya fremu 4, imeshakugonga. Hapo kinga. Na akikosea yeye, kwa mfano umeikinga Shoryuken yake, usikimbilie ngumi nyepesi: ana muda mrefu wa kushuka, msubiri kwa nzito.

Drive Gauge, mstari wa nguvu yako, ina vipande 6. Usivimalize ovyo, kwani vikiisha unaingia Burnout (hali ya kuishiwa nguvu), na hapo hata mapigo maalumu uliyoyakinga yanakula uhai wako. Drive Impact ya mpinzani, pigo zito linalotumia nguvu hiyo, huchukua fremu 26 kufika na humeza mapigo mawili, hivyo kumrushia ngumi moja hakumzuii. Jibu ni kuachia ya kwako: iliyotoka baadaye hushinda. Ukiwa umegota ukutani usiridhike na kuikinga tu, kwa sababu hapo itakubamiza ukutani na kukuacha wazi.