Umeme ukikatika, tangi la samaki lisimwage maji sebuleni
Kwa wenye tangi la samaki lenye sampu chini yake (tangi dogo ambalo pampu hupandishia maji kutoka humo kwenda juu): hapa Dar umeme unakatika bila hodi, na LUKU huisha usiku wa manane. Pampu ikizimika, maji ya tangi la juu yanarudi chini kupitia bomba lilelile la kupandishia, na hayakomi mpaka mdomo wa bomba uguse hewa. Tangi la sentimita 120 kwa 50 lina lita 6 katika kila sentimita moja ya kina. Mdomo ukizama sentimita 5, hizo ni lita 30, bado yaliyomo kwenye mabomba. Sampu imejaa? Yataishia kwenye zulia.

Toboa kitundu kwenye bomba hilo, chini kidogo tu ya usawa wa maji. Usawa ukishuka, kitavuta hewa na mvuto utakatika. Kisafishe mara kwa mara, maana mwani na konokono hukiziba. Valvu ya kuzuia maji kurudi siitegemei peke yake; uchafu kidogo tu, haifungi.

Kisha zima pampu makusudi, subiri maji yatulie, hakikisha sampu haifuriki, washa tena. Sampu ikirudi kwenye usawa wake wa kawaida, piga mstari wa maka peni: usijaze kupita hapo. Aliyepanga ghorofani afanye leo, kabla jirani wa chini hajagonga mlango.

Bomba la kushushia maji kwenye sampu nalo huziba, hasa kwa majani. Liwekee la akiba, juu kidogo yake.