Jinsi ya kutumia hadubini ya McArthur, ile ndogo ya kubeba

Kama umebahatika kupata hadubini ya zamani ya McArthur, iwe ya chuma au ile ya plastiki ambayo Open University ya Uingereza iliwapelekea wanafunzi nyumbani miaka ya 1970, usiitumie kama ile ya maabara ya shule, hutaona kitu. John McArthur, daktari Muingereza aliyekuwa anapambana na malaria huko Borneo, kisiwa cha Asia ya kusini-mashariki, aliipindua kabisa: mwanga unatoka juu, lenzi zinatazama toka chini, afu njia ya mwanga inakunjwa ndani mpaka kwenye jicho, ndo maana kitu chote kinaenea kiganjani.

Kwa hiyo cha kwanza, slaidi, kile kipande cha kioo unachowekea kitu cha kutazama, inalala kifudifudi. Ule upande wenye damu au tone la maji uwe chini, unatazama lenzi. Watu wengi wanakwama hapa hapa. Kama ni maji ya bwawa weka tone dogo tu, funika na kile kioo kidogo chembamba cha kufunikia, ukingoni nyonya maji yaliyozidi na tishu, ndo ugeuze, maana yakichuruzika yanaingia kwenye lenzi na hapo umejipa kazi.

Anza na lenzi yenye nguvu ndogo, sogeza taratibu mpaka picha itulie, ndo uhamie kubwa. Ukitaka kujua inakuza mara ngapi zidisha tu, lenzi ya 40 na ya jicho ya 10 unapata mara 400. Na hapa ndo naipendea hii mashine: kwa vile kila slaidi inakaa kwa uso wake, unene wa kioo hausumbui, ukishapata focus slaidi ya kwanza zinazofuata zinakuja karibu sawa zenyewe, na ukiwa na slaidi nyingi za damu za kupitia utajua ni raha kiasi gani.

Mwanga: taa ndogo ya betri, au elekeza kwenye anga jeupe. JUA LENYEWE USILIELEKEZEE KABISA, linaunguza jicho.

Ukimaliza toa betri, zikivuja zinakula vyuma vya ndani. Kama ulitumia mafuta, yale yanayowekwa kati ya slaidi na lenzi yenye nguvu kubwa, futa lenzi siku hiyo hiyo na karatasi ya lenzi, sio kona ya shati jamani. Sisi wa pwani kwenye unyevu ifungie kwenye boksi na vile vipakti vya silika, fangasi wakishaota kwenye lenzi kuwatoa ni shughuli.