Jinsi ya kulinganisha tiba za mazungumzo kwa mwenye BPD

BPD ni tatizo la haiba ambalo hisia na mahusiano ya mtu huyumbayumba mno. Anza na hatari. Kama mtu anajikata au amejaribu kujiua, tazama kwanza DBT (tiba inayofundisha stadi za kumudu hisia kali), iliyobuniwa na mwanasaikolojia Marsha Linehan huko Seattle. Ikiwa kamili ina sehemu nne: kikao cha ana kwa ana cha saa 1 hivi kila wiki, darasa la stadi la saa 2 na nusu, simu kwa mtaalamu hali inapochacha, na kikao cha wataalamu wenyewe. Wapo wanaotoa darasa peke yake na bado wanaiita DBT, kwa hiyo ulizia kabla ya kulipa. Kila jioni mgonjwa hujaza kadi: hamu ya kujiumiza kuanzia 0 hadi 5, hasira, stadi aliyotumia. Isipojazwa, kikao huishia kukumbukakumbuka, na kisa cha Jumanne hakichambuliki hatua kwa hatua.

Kama shida kubwa ni kusoma vibaya nia za wenzake (ujumbe haujajibiwa, basi "amenichoka"), fikiria MBT (tiba ya kujifunza kuelewa yaliyo akilini mwako na mwa wengine) ya wataalamu Bateman na Fonagy wa London, ambayo kwa kawaida huchukua miezi 18.

Tiba ya skima (hurekebisha mitazamo iliyojengeka tangu utotoni) na TFP (huchambua uhusiano wa mgonjwa na mtaalamu wake) ni vikao 2 kwa wiki. Katika utafiti wa miaka 3 Uholanzi, uliochapishwa 2006, skima ilifanya vizuri kuliko TFP na wagonjwa wachache zaidi waliiacha.

Jina lisikutishe, hata hivyo. Utafiti wa Toronto, 2009, wagonjwa 180: baada ya mwaka, DBT na huduma ya akili iliyopangwa vizuri zililingana. Mpango unaoeleweka na mtaalamu asiyebadilishwabadilishwa ndivyo vya kudai kwanza.