Ukienda kinu cha tufaha, nenda Oktoba, siku ya kazi

Kwa mliopo Michigan, hasa karibu na Detroit: msimu huu wapelekeni watoto Yates Cider Mill, kinu cha kukamulia juisi ya tufaha kilichopo Rochester Hills. Kinu hiki kimekuwepo tangu 1863, na mpaka leo nguvu ya maji ndiyo inayoendesha mashine ya kukamulia. Watoto wakiona tufaha zinavyosagwa na kukamuliwa wanaelewa mambo ambayo chupa ya dukani haiwezi kuwaeleza.

Wikendi foleni ni ndefu mno. Nendeni asubuhi ya siku ya kazi, mle na donati za hapo zikiwa bado za moto. Mimi napenda Oktoba kuliko Septemba: aina nyingi za tufaha zimeshakomaa, hivyo juisi yenye mchanganyiko huwa na ladha nzito zaidi, na baridi ikishaanza nyigu hupungua.

Juisi hiyo haina kilevi inapouzwa mbichi, ila ikikaa sana huanza kuchacha, hata kwenye friji. Kwa hiyo nunueni galoni ya pili, mmimine kikombe kimoja ili kubaki nafasi, kisha muigandishe. Bila nafasi hiyo chupa hupasuka.

Na tafadhali, popote mnaponunua, ulizeni kama juisi imetibiwa kuua vijidudu. Inayouzwa kwa glasi moja moja mara nyingi haina lebo ya onyo. Kama haijatibiwa, watoto wadogo, wajawazito na wazee wachemshiwe kwanza. Ongezeni mdalasini na karafuu humo humo sufuriani.