Karatasi ya damu ya mgonjwa wa dengue: isome hivi

Masika ya 2019 mdogo wangu aliugua dengue, tukiwa Tabata. Malaria hasi, viungo vyote vinauma, hata kugeuza macho shida. Tangu hapo majirani wakipewa majibu hunibishia hodi: "Dada, hebu tusomee."

Anza na daftari. Siku homa ilipoanza ndiyo siku ya 1. Bila hiyo, namba zote zinaelea. Kila picha nzima ya damu ikirudi, nakili WBC (chembe nyeupe), HCT na PLT, tarehe pembeni. Unatafuta mwendo, karatasi moja haitoshi.

PLT ni chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Kawaida ni 150 hadi 450, kwa maelfu. Za mdogo wangu: siku ya 3, 142, siku ya 4, 88, siku ya 5, 41. Nyumba nzima ikakodolea macho ile 41, mama akitwanga majani ya mpapai. Kumbe jambo lilikuwa mstari mwingine. HCT, yaani asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu, ilitoka 40 ikafika 48. Daktari alipoiona hakumaliza hata sentensi, akaita nesi alete dripu. Maji ya damu yalikuwa yanavuja nje ya mishipa. HCT ikipanda kwa moja ya tano huku chembe sahani zinaporomoka, usingoje kesho. Na asubuhi hiyohiyo homa ilikuwa imeshuka, ameomba chai, sisi tunashangilia! Hatari ya dengue huja hapo, homa inapoachia. Akitapika mfululizo, tumbo likimkaza, fizi zikitoa damu, akilegea au mkojo ukipungua, mrudisheni hospitali hata usiku.

WBC chini ya 4, nayo kwa maelfu, hapa ni kazi ya virusi. Antibiotiki haiviui.

Kwenye ini tazama AST na ALT, namba za vimeng'enya vya ini, ambazo kwa kawaida hazizidi 40 hivi. AST hutangulia, kwa sababu hutoka kwenye misuli pia. Yake 310, ALT 150. Mojawapo ikifika 1,000, hiyo ni dengue kali. Parasetamoli kwa mtu mzima isipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na ini likishaguswa daktari ndiye apange kipimo. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hapana kabisa, zinachochea kutoka damu. Mama naye tulimwomba aweke kinu chini.

Siku ya 7 akawa anapona: PLT 67, HCT 41, na viganja vinamwasha, anajikuna usiku kucha huku akidai chipsi.