Ndugu yako amefuata mhubiri wa mfungo msituni? Hivi ndivyo unavyopiga ripoti Kenya

Ukifika kaunta ya polisi ukasema "dadangu ameingia kanisa baya," utaambiwa dadako ni mtu mzima, rudi nyumbani. Si ukatili wa askari peke yake. Kifungu cha 32 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa kuabudu, na polisi hawachunguzi imani. Wanachunguza vitendo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanyika nyumbani, kwa kalamu na daftari. Andika watoto walitolewa shule lini, shamba liliuzwa kwa nani, simu ilizimwa tarehe gani, nani amekatazwa chakula au dawa zake za presha. Hifadhi jumbe za sauti, hata ile fupi ya "tumeshaanza kufunga, msitutafute." Usiifute kwa uchungu. Tafuta picha za karibuni, nakala za kitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Machi 2023 Paul Mackenzie, mhubiri anayedaiwa kuwahimiza wafuasi wafunge hadi kufa, alikamatwa kwa vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana. Mwezi uliofuata makaburi ya Shakahola, kaunti ya Kilifi, yakaanza kufukuliwa, na miili ikapita 400. Mimi tangu hapo siamini ripoti ya mdomo.

Sasa nenda kituo cha polisi kilicho karibu. Hakuna sheria inayokutaka usubiri saa 24 mtu akipotea. Simulia kwa mpangilio wa tarehe, hakikisha imeandikwa kwenye kitabu cha matukio (OB), na usiondoke bila namba ya OB. Ni bure. Iandike pia nyuma ya picha ya ndugu yako, maana vikaratasi hupotea. Afisa wa zamu akikuzungusha, omba kumwona OCS, mkuu wa kituo. Akishindwa naye, panda hadi ofisi ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ya kaunti ndogo. Wakiendelea kukupuuza, lalamika IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, ukiwa na ile namba mkononi. Chifu na balozi wa nyumba kumi wapewe habari vilevile, hasa wale wa kule alikokwenda, kwani ndio wanaojua nani kajenga kibanda kipya porini. Lakini kumwambia chifu si kupiga ripoti.

Kama kuna mtoto, mambo hubadilika kabisa. Mtoto hana "hiari" ya kufunga hadi afe, na mzazi hana haki ya kumlazimisha. Piga 116, simu ya watoto, haitozwi, kisha umwone afisa wa watoto wa eneo hilo. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto wa namna hiyo anahitaji ulinzi, na mahakama inaweza kuamuru aondolewe hapo.

Kwa mtu mzima aliyezuiliwa asitoke, wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru anayemshikilia amlete mahakamani. Haki ya kupata amri hiyo ni kati ya zile ambazo kifungu cha 25 cha Katiba kinasema haziwezi kuwekewa mipaka, na inamgusa hata mtu binafsi, si serikali tu. Uwe na ushahidi kwamba amezuiliwa. Kutokupokea simu hakutoshi.

Usiingie msituni mwenyewe, hata na vijana wa mtaa. Mtamtisha, atahamishwa, na mtakanyaga ushahidi.

Miili ikipatikana, jamaa huombwa sampuli ya DNA, pamba ya kusugua ndani ya shavu. Mzazi au mtoto wa aliyepotea ndiye aende kwanza. Binamu hasaidii sana. Jiandae kusubiri: miili ya kwanza ya Shakahola ilikabidhiwa familia Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye.

Na akitoka hai, mama atataka kumpakulia sahani ya ugali. Mzuie. Mwili uliokaa siku nyingi bila chakula unaweza kuzidiwa ukishibishwa ghafla, hata kufa. Hospitali kwanza, na daktari ndiye aseme kijiko cha kwanza kiwe cha nini.