Jinsi ya Kugawa Uigaji wa Kihandisi kwenye Seva Nyingi Kupitia Wavuti

Kabla hamjachagua seva wala programu, amueni modeli yenu, yaani mfano wa kompyuta wa kitu mnachokiiga, itakatwa wapi. Timu nyingi huigawa kwa kufuata mipaka ya idara, breki huku na betri kule, ilhali kinachostahili kufuatwa ni kasi ya sehemu hizo kuathiriana. Joto la betri ya gari hupanda polepole, kwa hiyo modeli yake inaweza kukaa kwenye seva ya mbali na kuulizwa mara chache. Tairi na springi, ambazo nguvu zake hutegemeana papo kwa papo, ziacheni kwenye mashine moja.

Hesabu inayoonyesha sababu ni nyepesi. Mwanga ndani ya kebo ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo ujumbe wa kwenda na kurudi kati ya seva zilizoachana kwa kilomita 10,000 huchukua angalau milisekunde 100. Mkiiga sekunde 10 za mwendo kwa hatua za milisekunde 1, na kila hatua ikisubiri jibu la seva ya mbali, mtapoteza sekunde 1,000, yaani karibu dakika 17, hata kompyuta zenu ziwe na nguvu namna gani.

Mkishakata, fungeni kila sehemu kwa kiwango cha FMI (Functional Mock-up Interface), yaani kanuni za pamoja zinazowezesha programu tofauti kutumia modeli moja, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2010. Modeli huwa faili moja la zipu lenye maelezo ya XML (maandishi yaliyopangwa ili kompyuta iyasome) yanayotaja kila kigeu, na mwenye modeli halazimiki kutoa msimbo wake chanzo. Kutaja vizio vya vipimo humo ni hiari, lakini ninyi kufanyeni lazima: chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter, kilichotumwa sayari ya Mirihi, kilipotea mwaka 1999 kwa sababu programu moja ilitoa takwimu za msukumo kwa pauni za nguvu na nyingine ikazisoma kama nyutoni.

Kivinjari kibaki kwa kuanzisha kazi na kutazama grafu. Saa ya uigaji ishikwe na programu moja ya uratibu iliyo kwenye seva, inayohifadhi hali ya modeli zote mara kwa mara ili mtandao ukikatika msianze upya.

Mwisho, rudieni uigaji mfupi kwa nusu ya hatua ya mawasiliano, yaani muda wa uigaji unaopita kati ya sehemu kupeana data na kupeana tena. Majibu yakibadilika waziwazi, hatua yenu ni kubwa mno, au mlikata pasipofaa.